Muulize Fundi: Simu za kesho, zipi zitafika mkononi na zipi zitabaki kwenye picha

Safari hii barua karibu zote zinauliza kitu kimoja, simu mpya na zile video za simu za ajabu zinazozunguka mitandaoni, ya kioo kitupu, ya kukunja mara tatu, ya kuvaa kama bangili. Nimechukua saba. Nyingine zimepata jibu refu kwasababu jambo lenyewe ni refu, msinune.

Habari fundi. Nakusoma siku nyingi ila ndo mara ya kwanza naandika. Kuna video nimeona ya simu ambayo yote ni kioo, unaona mpaka vidole vyako upande wa pili, pembeni inawaka taa ya bluu, wanasema inatoka karibuni na ukilipia mapema unapata punguzo. Simu yangu kioo kimepasuka nilikuwa najichanga ninunue nyingine. Nisubiri hii? Na hela nikitanguliza iko salama? – Msomaji mwenye haraka

Usitume hela ndugu yangu, hilo naanza nalo kabla ya yote. Hiyo uliyoiona sio simu, ni mchoro wa kompyuta uliofanywa na mtu anayejua sana kazi yake. Rudia kuiangalia taratibu. Tafuta tundu la chaji, tafuta sehemu ya kuweka laini, alafu tafuta ule mstari pale kioo kinapokutana na fremu, maana simu yoyote iliyotoka kiwandani ina huo mstari hata uwe mwembamba vipi, ukipitisha ukucha unausikia. Kwenye za kuchora mara nyingi hakuna mstari wala tundu, kitu kimeteleza tu kama kipande cha barafu.

Sasa tuje kwenye aidia yenyewe, kwasababu sio uongo mtupu. Mwaka 2009 Sony Ericsson walitoa simu inaitwa Xperia Pureness na ile kweli ulikuwa unaona kidole chako nyuma ya skrini. Lakini skrini ilikuwa ya inchi 1.8, haina rangi, simu haina kamera, na betri na bodi vyote vimefichwa kwenye sehemu ya mwili isiyopitisha mwanga. Hapo ndo penye shida yote. Kupata skrini inayopitisha mwanga inawezekana, ila vile vitu vinavyokaa nyuma ya skrini utavipeleka wapi? Fungua simu yoyote ya leo uitandaze mezani, utaona betri imekaa katikati kama godoro imechukua sehemu kubwa ya nafasi, juu yake bodi yenye chipu zilizofunikwa vibati, pembeni kamera, chini spika na motori ya mtetemo. Hakuna hata kimoja hapo unachoweza kuona upande wa pili.

Betri ya kupitisha mwanga nayo imeshajaribiwa. Mwaka 2011 Yi Cui na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford walionyesha moja, walichofanya ni kupanga malighafi ya betri kwenye mistari myembamba ya mikroni 35 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), jicho la mtu haliioni mistari hiyo, kwahiyo ukiangalia unaona kama kioo tu. Akili kubwa sana ile. Ila fikiria mwenyewe, kati ya mstari na mstari umeacha nafasi tupu ili mwanga upite, na nafasi tupu haitunzi chaji. Ukitaka uone vizuri zaidi, betri inakaa muda mfupi zaidi, na nani saivi anataka simu ya kuisha chaji saa nne asubuhi.

Hili la kutanguliza hela linaniuma kwasababu yalinikuta. Kuna kampuni moja, siitaji, ilikuwa inachangisha ili itengeneze simu ya aina yake, nikalipa, nikapata barua pepe ya asante, ikaja ya kuomba radhi kwa kuchelewa, ikaja nyingine ya kuchelewa, alafu kimya mpaka leo. Na niliamini kwasababu ya video nzuri tu. Kwahiyo wewe, kama bodi na betri ya simu yako bado nzima badilisha kioo uendelee nayo, na kama imechoka kweli nunua simu ambayo unaweza kuishika kwanza ndo utoe hela.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari napenda sana kuchora simu. Nimechora simu ya vipande vipande, kamera unachomoa unaweka kali zaidi, betri ikichoka unachomoa, spika hivyo hivyo, ili mtu asitupe simu nzima kwa ajili ya kitu kimoja. Nilipoonyesha wenzangu wakacheka wakasema hiyo ilishajaribiwa na Google ikafeli. Ni kweli? Niache?

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Usiache, na ngoja nikupe historia yote ili siku nyingine wakicheka uwe na cha kuwajibu.

Septemba 2013 kijana mmoja mbunifu wa Uholanzi, Dave Hakkens, aliweka video ya aidia yake akaiita Phonebloks, na ni hiyo hiyo yako kabisa, simu ya kupachika vipande. Ilisambaa dunia nzima. Mwezi uliofuata Motorola, wakati huo ikiwa chini ya Google, ikatangaza kwamba na wao wana mradi wa namna hiyo unaitwa Project Ara. Vipande vilikuwa vinashikwa na sumaku za pekee ambazo unaziwasha na kuzizima kwa umeme kidogo tu, zikishashika hazili chaji tena. Mimi niliifuatilia Ara kama watu wanavyofuatilia mpira, kila picha mpya ikitoka naikuza niangalie maungio. Septemba 2016 wakaifunga.

Kilichoiua ni nini? Kila kipande kikitaka kutoka na kuingia lazima kiwe na ganda lake, sumaku zake, na vituo vyake vya kupitisha umeme na data. Kamera ambayo kwenye simu ya kawaida ni kidude kidogo kama punje ya mahindi, kwenye Ara inakuwa kibox. Zidisha kwa vipande vyote, simu inanenepa na nafasi ya betri inaliwa. Na ushahidi uko wazi, toleo la mwisho walilolionyesha 2016 skrini, betri na prosesa walishavifunga humo humo kwenye fremu, havitoki tena, yani vile vitu vinavyochoka na kuzeeka haraka kuliko vyote ndo vikawa havibadilishiki. Hapo mimi nilijua imekwisha.

Mwaka huo huo LG walitoa G5, unachomoa kidevu cha simu unaweka kingine, lakini kidevu kikitoka kinatoka na betri, simu inazima, ubadilishe, uiwashe upya usubiri. Nani atafanya hivyo katikati ya sherehe anataka kupiga picha? Motorola na Moto Z walikuwa na akili zaidi, wao waliacha simu ikiwa nzima wakaweka sumaku mgongoni, unabandika betri ya ziada au spika au projekta, ikaenda mpaka 2019.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wenzako hawaijui. Aidia haikufa, ilipungua ukubwa ikahamia sehemu nyingine. Fairphone, kampuni ya Amsterdam, wanatengeneza simu ambayo betri, kioo, kamera na tundu la chaji unavibadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja. Hawakusema uchomoe kamera kila jumamosi. Walisema kikiharibika kitoke. Na Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe, ingawa simu zenye betri iliyothibitishwa kudumu zimepewa nafuu. Yani hicho unachokililia kwenye daftari lako kimeshafika kwenye sheria.

Kwahiyo fanya hivi. Rudi kwenye mchoro wako, safari hii usichore nje, chora ndani. Tafuta simu iliyokufa, omba kwa fundi yeyote hatakunyima, ifungue na upime kila kitu kwa rula, betri ina unene wa milimita ngapi, kamera ngapi, waya wa utepe wa skrini unapita wapi. Alafu chagua vitu viwili tu vitakavyotoka, sio kumi. Mimi ningechagua betri na tundu la chaji kwasababu hivyo ndo vinavyoletwa sana mezani kwangu. Ukimaliza nitumie, nitakujibu binafsi.

Fundi mambo. Nimenunua simu ya kukunja, nzuri sana, ila katikati kuna mkunjo naona kila nikiiweka kwenye mwanga na nikipitisha kidole nausikia. Nimeuziwa mbovu? Na naisafishaje maana nasikia vumbi ni adui yake. – Dada wa ofisini

Poa dada. Hujauziwa mbovu, ndivyo zilivyo, ingawa kila mwaka mkunjo unapungua.

Chukua daftari jembamba ulikunje, angalia kurasa za ndani zinavyobanana na za nje zinavyovutika. Skrini yako nayo ni tabaka nyingi zimebandikana, kila ikikunjwa ndani inabanwa nje inavutwa, na pale katikati panabeba yote. Kioo chenyewe ni chembamba kupita maelezo, Samsung walipoanza kuweka kioo halisi kwenye simu ya kukunja mwaka 2020, ile Galaxy Z Flip ya kwanza, kilikuwa na mikroni 30, huo ni chini ya unene wa unywele wa kichwani kwako. Juu yake kuna plastiki ya kukilinda. Bawaba mpya zinaiacha skrini ijikunje kwa duara la tone la maji badala ya kukunjwa kali kama karatasi, ndo maana mkunjo wa sasa ni hafifu kuliko wa zamani.

Hiyo plastiki ya juu usije ukaibandua! Mwaka 2019 Galaxy Fold ya kwanza ilipopelekwa kwa waandishi waijaribu, kuna walioibandua wakidhani ni protekta ya dukani, skrini zikafa, nyingine ziliingia uchafu kupitia upenyo wa bawaba, ikabidi uzinduzi usogezwe kutoka Aprili mpaka Septemba, wakaziba upenyo na kuipeleka ile plastiki mpaka chini ya fremu isionekane ncha yake.

Kuhusu vumbi. Angalia kwenye karatasi za simu yako namba inayoanzia na IP. Ikiwa ni IP48, ile 4 maana yake inazuia vitu vya ukubwa wa zaidi ya milimita 1 tu, kwahiyo mchanga laini unapita. Ya kwanza ya kukunja kupata IP68, yani vumbi halipiti kabisa, ilikuwa Pixel 10 Pro Fold ya 2025. Niliwahi kufungua moja iliyokuwa ikikunjwa inalia krr krr, ndani ya bawaba nikakuta punje moja ya mchanga, moja tu, imekaa kwenye meno ya gia na imeshachimba njia yake kwenye chuma. Kwahiyo usiiweke kwenye begi ikiwa wazi, usiipeleke ufukweni, brashi laini kavu kila wiki pembeni mwa bawaba, na kamwe usipulize kwa mashine ya upepo maana unalisukuma vumbi ndani zaidi.

Na za kujiviringisha kama mkeka je? Zilionyeshwa zikapotea. – Yule yule wa kila mwezi

Nimekuona. Oppo walionyesha X 2021 Novemba 2020, inavutika kutoka inchi 6.7 mpaka 7.4 na motori inaisukuma yenyewe. LG wakaonyesha yao Januari 2021, miezi 3 baadaye wakatangaza wanaacha biashara ya simu, ile simu ikafa nayo. Motorola 2023 wakaja na ya inchi 5 inayopanda mpaka 6.5. Zote ni mfano tu, hakuna iliyouzwa. Motori inakula nafasi na chaji, na simu ambayo ina sehemu inayotembea kila siku, ikidondoka wakati imevutika nusu, sijui fundi gani ataipokea kwa furaha. Mkunjo haina kweli, hilo ndo tamu lake, lakini Huawei na Mate XT ya Septemba 2024 walishapata inchi 10.2 kwa kukunja mara mbili bila motori yoyote. Kwahiyo kwa sasa wa kukunja wameshinda.

Mwandishi, mbona hawaweki sola mgongoni mwa simu tukaachana na chaja? Jua lipo bure. – Mwananchi aliyechoka kutafuta soketi

Swali hili nalipenda kwasababu tunaweza kulipigia hesabu hapa hapa. Jua la mchana kweupe linatoa kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Mgongo wa simu ni kama sentimita 16 kwa 7.5, ukitoa sehemu ya kamera unabaki na wati 10 za jua hivi. Sola nzuri inageuza kama sehemu moja ya tano tu kuwa umeme, unabaki na wati 2. Betri ya 5,000 mAh inabeba kama wati 19 kwa saa moja. Gawanya, ni saa 9 au 10 za jua la utosi bila wingu, simu imelala kifudifudi haitumiki. Na jua la saa zote hizo linaipika, simu nyingi zikifika nyuzi 45 zinapunguza au zinakataa kabisa kuchaji ili kuilinda betri. Samsung walishatoa simu za sola 2009, Guru E1107 na Blue Earth, ilikuwa rahisi kidogo kwasababu simu za wakati ule zilikuwa zinakula kidogo sana. Kwa simu janja nunua paneli ya kukunja ya wati 20 ichaji powerbank, simu ibaki kivulini.

Fundi, simu zinazidi kuwa nyembamba alafu wengine wanasema betri zinazidi kuwa kubwa, inawezekanaje vyote viwili? Au ni matangazo tu?

Vyote ni kweli ila sio kila simu ina vyote. iPhone Air ya 2025 ina milimita 5.6 na betri yake ni 3,149 mAh, hapo wamekubali kupunguza. Upande wa pili OnePlus 13 ilitoka na 6,000 bila kuwa tofali. Siri ni kwamba zamani upande hasi wa betri ulikuwa grafaiti tupu, sasa wanachanganya silikoni na kaboni. Silikoni kwa uzito ule ule inashika chaji kama mara 10 ya grafaiti, lakini ina tabia mbaya, ikishiba inavimba zaidi ya mara 3 ya ukubwa wake alafu ikiisha inanywea, ikirudia hivyo inapasuka yenyewe kwa yenyewe. Kwahiyo wanaweka kidogo tu, ndani ya kaboni yenye vinyweleo ili ivimbe ndani kwa ndani. Honor walianza nayo kwenye Magic5 Pro ya soko la China 2023. Huku mimi naona ndo kwenye maendeleo ya kweli kuliko hizo taa za bluu, sema haina picha nzuri ya kusambaza.

Mwanangu, mimi ni mzee, macho yamepungua nguvu. Wajukuu wananiambia nisinunue simu mpya maana simu zinaondoka, zinakuja miwani na vidude vya kubandika kifuani vya kuongea navyo. Ni kweli niwasubiri hao?

Shikamoo mzee wangu. Usisubiri.

Kidude cha kifuani kilishakuja. Kinaitwa AI Pin, cha kampuni ya Humane, kiliuzwa kuanzia Aprili 2024 kwa dola 699, hakina skrini, unakiuliza kwa mdomo na kinamulika maandishi kwenye kiganja chako. Kilikuwa kinapata moto, betri inaisha haraka, na juani yale maandishi ya kiganjani hayasomeki. Tarehe 28 Februari 2025 huduma yake ikazimwa, waliokuwa nacho wakabaki na kifungo cha shati cha bei mbaya. Sisemi hivyo kwa kuwacheka, walithubutu, ila mtu anataka kuona picha ya mjukuu, sio kuelezewa.

Miwani ina nafasi kubwa zaidi. Meta mwaka 2025 walitoa Ray-Ban Display, ina kiskrini ndani ya lenzi ya kulia na unaiongoza kwa mkanda wa kifundo cha mkono unaosoma misuli ya vidole vyako, lakini bado inategemea simu iwe mfukoni na chaji yake ni ya saa 6 hivi. Martin Cooper, mhandisi wa Motorola, alipiga ile simu ya kwanza ya mkononi Aprili 1973, na simu ya namna hiyo iliingia sokoni miaka 10 baadaye, kwahiyo hata kitu kikiwa cha kweli kinachukua muda wake.

Macho ndo yamenigusa zaidi. Hiyo simu uliyonayo, mwambie mjukuu aingie kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, aongeze ukubwa wa maandishi na pia ukubwa wa vitu vyote, ni vitu viwili tofauti, wengi wanaongeza kimoja tu. Alafu aende kwenye ufikivu (Accessibility) awashe ukuzaji, ukigusa skrini mara tatu panakua hapo hapo, kwenye iPhone ni vidole vitatu mara mbili. Awashe na maandishi mazito. Ikiwa baada ya hapo bado unasumbuka, ndo tutafute simu ya inchi 6.7 au zaidi yenye mwanga mkali wa nje, na uende nayo dukani ukiwa umevaa miwani yako ya kusomea, usome ujumbe mmoja mzima ukiwa umesimama mlangoni kwenye mwanga wa jua kabla hujalipa.